Kurudia komyuniti koleji kozi uliyofeli chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Desemba na kila Mei, alama za muhula zikishatoka, swali hili huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wetu walioko Marekani: nimefeli kozi, chuo kikuu ni ghali, naweza kuirudia komyuniti koleji? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Tatizo ni kwamba wengi wanaishia kwenye hiyo "ndiyo" na kwenda kulipa ada, bila kujua koleji itawapa nini na haitawapa nini.

Majibu haya ni kwa aliyekuja kwa viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, kutoka Dar, Nairobi au Bujumbura, kwa aliyefika mtoto na familia yake kutoka Nyarugusu au Kakuma na sasa ana grini kadi au uraia, na kwa wazazi wanaotaka kuelewa kinachomsibu mtoto wao. Yanahusu shahada ya kwanza. Kila chuo kikuu kina kanuni zake, kwa hiyo ukisoma hapa "kwa kawaida", kafungue kitabu cha kanuni cha chuo chako, kile kinachotolewa kila mwaka wa masomo, utafute sehemu ya kurudia kozi na sehemu ya kuhamisha kredi, yaani vipimo vya kozi ulizosoma.

Komyuniti koleji ni chuo cha waliofeli?

Hapana, na dhana hiyo imewagharimu vijana wetu wengi. Komyuniti koleji ni chuo cha umma cha miaka miwili. Kinatoa shahada ya awali ya miaka miwili, vyeti vya ufundi na uuguzi, na kozi zilezile za mwaka wa kwanza na wa pili zinazofundishwa chuo kikuu. Kongwe kuliko vyote kati ya vile vya umma ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Leo nchi nzima ina takriban vyuo 1,000 vya aina hiyo, na Wamarekani wengi huanzia huko kwa makusudi, kisha huhamia chuo kikuu kumalizia miaka miwili ya mwisho.

Hesabu ya kalkulasi haibadiliki kwa sababu jengo ni dogo. Tofauti utakayoiona ni ya darasani: badala ya ukumbi wa watu mia mbili na mwalimu msaidizi, unakaa na wenzako thelathini hivi, na anayekufundisha kazi yake hasa ni kufundisha. Kwa mtu aliyepotea kwenye ukumbi mkubwa, hilo peke yake linaweza kuwa dawa.

Kwani Marekani hakuna sapu?

Hakuna. Aliyesoma Tanzania au Kenya amezoea kwamba ukifeli somo unakamata sapu, unarudi kufanya mtihani kabla mwaka mpya haujaanza, na ukifaulu maisha yanaendelea. Marekani F ni F. Huitoi kwa mtihani mmoja. Unasajili kozi nzima upya, unalipa upya, unafanya kazi zote za nyumbani, majaribio na mtihani wa mwisho upya. Uko mlango mmoja tu unaofanana kidogo na sapu: kama ulipatwa na ugonjwa au msiba karibu na mwisho wa muhula ukiwa unafaulu, unaweza kumwomba mwalimu alama ya I, yaani kozi haijakamilika, akakupa muda wa kumalizia kilichobaki. Hiyo huombwa kabla alama hazijatoka. Zikishatoka, mlango umefungwa.

Nikipata B koleji, ile F itafutika?

Hili ndilo swali kuu, na ndipo watu wanapoumia. Katika vyuo vikuu vingi F haifutiki. Koleji inakupa kredi, haikupi msamaha. Kredi inahamia chuo kikuu, alama inabaki koleji. Kwenye transkripti yako ya chuo kikuu, yaani rekodi rasmi ya alama zako, kutaongezwa mstari wenye jina la kozi, idadi ya kredi, na mahali pa alama patakuwa na T au TR, kumaanisha kredi imehamishwa. Alama ya koleji haiingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako. Ile F ya zamani inabaki pale ilipo na inaendelea kuvuta GPA chini.

Tufanye hesabu. Mwanafunzi amesoma kredi 28 kwa wastani wa B, yaani 3.0. Hizo ni pointi 84 (28 mara 3). Kisha akafeli kalkulasi ya kredi 4, pointi sifuri. GPA yake sasa ni 84 kugawanya kwa 32, sawa na 2.63. Ana njia tatu mbele yake:

Akirudia koleji na kupata B, kredi alizofaulu zinafika 32, lakini GPA ya chuo kikuu inabaki 2.63.

Akirudia chuo kikuu chake, na chuo hicho kina utaratibu wa kubadilisha alama, B mpya inachukua nafasi ya F. Pointi ni 96 kwa kredi 32, GPA 3.0.

Akirudia chuo kikuu chake, na chuo hicho kinahesabu alama zote mbili, pointi 96 zinagawanywa kwa kredi 36, GPA 2.67.

Hata pale alama inapobadilishwa, F yenyewe haiondoki kwenye karatasi. Inabaki ikisomeka, ila ina alama pembeni kuonyesha haihesabiwi. Na msamaha huo una kikomo. Mfumo wa California State University, kwa mfano, unaruhusu kubadilisha alama kwa kozi zisizozidi uniti 16 za muhula (uniti ndiyo kredi kwa lugha ya huko), tena kwa kozi ulizopata chini ya C. Kwa hiyo usiutumie msamaha wako kwenye kozi ndogo ya kredi 2 wakati unajua kemia inakungoja.

Basi kwa nini niende koleji?

Kwa sababu si kila aliyefeli anahitaji GPA. Jiulize kwanza unachohitaji ni nini.

Kama kinachokukwamisha ni mlolongo wa kozi, yaani huwezi kuingia Kalkulasi ya Pili au Fizikia bila kufaulu Kalkulasi ya Kwanza, koleji inakufungulia njia. Unaisoma kiangazi, Agosti unaendelea na wenzako. Ukingoja chuo kikuu kiitoe tena muhula wa masika, unaweza kuchelewa kuhitimu mwaka mzima, na mwaka mmoja wa ada na kodi ya nyumba ni fedha nyingi kuliko kozi yoyote ya koleji.

Kama unahitaji tu kutimiza kozi ya lazima ambayo haihusiani na fani yako, mfano historia ya Marekani au takwimu, na GPA yako ni nzuri, nenda koleji bila wasiwasi.

Lakini kama GPA yako iko chini ya 2.0 na umewekwa kwenye uangalizi wa kitaaluma, rudia chuo kikuu chako. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu hapa ndipo kosa la gharama kubwa hutokea: mwanafunzi aliye kwenye uangalizi anakwenda koleji, anasoma kwa bidii, anapata A, anarudi Agosti na kukuta GPA haijasogea hata nukta moja, na chuo kinamwandikia barua ya kumwondoa. Kredi aliipata, ila kilichokuwa kinatakiwa ni GPA.

Na kama kozi uliyofeli ni ya mwaka wa tatu au wa nne, zile ambazo vyuo vikuu vingi huzipa namba za 300 na 400, koleji kwa kawaida haina kozi inayolingana nayo. Usipoteze muda kutafuta.

Nitajuaje kozi ya koleji inalingana na ile niliyofeli?

Usiamini jina la kozi. "Kemia ya Jumla" inaweza kuwa kozi ya wanafunzi wa uhandisi mahali pamoja na kozi ya wasiosomea sayansi mahali pengine.

Majimbo kadhaa yamerahisisha kazi hii. California kuna tovuti rasmi ya ASSIST: unachagua koleji upande mmoja, chuo kikuu cha umma cha jimbo upande wa pili, na inakuonyesha kozi ipi inapokelewa badala ya ipi. Texas kuna mfumo wa namba za pamoja. MATH 2413 ni Kalkulasi ya Kwanza kwenye koleji za jimbo zima, na vyuo vikuu vinaonyesha kozi yao inayolingana nayo. Florida pia wana namba za pamoja kwa taasisi za umma, na huko kalkulasi ni MAC 2311. Illinois wana makubaliano yao ya jimbo yanayohusu kozi za msingi. Ukiwa jimbo lingine, tafuta kwenye tovuti ya chuo kikuu chako orodha ya kozi zilizowahi kupokelewa kutoka vyuo vingine. Vingi vinayo.

Baada ya kupata kozi, angalia mambo ambayo orodha haikuambii moja kwa moja. La kwanza ni maabara. Kama uliyofeli ina mhadhara na maabara ndani ya namba moja, na koleji imezitenganisha, lazima uzisome zote mbili, na ni salama uzisome koleji ileile. La pili ni kalenda. Baadhi ya vyuo hutumia mihula miwili kwa mwaka, vingine hutumia robo, yaani vipindi vifupi kuliko muhula. Kredi ya robo ni theluthi mbili ya kredi ya muhula, kwa hiyo kozi ya kredi 5 za robo inakuwa 3.33 ikifika chuo cha mihula. Kama fani yako inadai kredi 4, utakuwa na upungufu mdogo utakaokusumbua mwaka wa mwisho.

Lazima niombe ruhusa kabla ya kujisajili?

Hata kama chuo chako hakikulazimishi, omba, na upate jibu kwa maandishi. Mazungumzo ya koridoni na mshauri wa masomo hayana uzito miezi mitatu baadaye, mshauri huyo akiwa ameshahama kazi.

Vyuo vingi vina fomu ya kuidhinisha kozi ya nje kabla hujaisoma. Kama hakuna fomu, andika barua pepe kwa anwani yako ya chuo. Taja jina lako na namba yako ya mwanafunzi, kozi uliyofeli na namba yake, koleji unayokusudia, namba ya kozi huko, na muhula. Ambatanisha silabasi ya koleji. Kisha uliza wazi: je, kozi hii itapokelewa badala ya ile niliyofeli, au itahesabiwa kama kredi za ziada tu? Je, itatosha kama sharti la kuingia kozi inayofuata? Je, kuna kanuni inayonizuia kurudia nje kozi niliyofeli hapa? Swali la mwisho usiliache, maana vipo vyuo vikuu na idara ambazo hukataa kabisa kurudiwa nje kwa kozi iliyofeliwa ndani, hasa uuguzi, uhandisi na biashara.

Uliza pia kuhusu kredi za mwisho. Vyuo vikuu vingi hutaka kredi 30 za mwisho za shahada zisomwe kwao. Ukiwa mwaka wa nne, kozi moja ya nje inaweza kugongana na kanuni hiyo.

Jibu likija, lihifadhi. Lipige picha, liweke mahali ambapo utalipata hata siku akaunti ya chuo ikifungwa.

Natakiwa nipate alama gani?

C au zaidi. D ya koleji karibu kila mahali haihami, hata kama koleji yenyewe inaihesabu kuwa umefaulu. Kuhusu C yenye alama ya kutoa, vyuo vinatofautiana. Usijenge mpango wako juu yake.

Niko kwenye F-1. Inaruhusiwa?

Inaruhusiwa, ila mtu wa kwanza kuzungumza naye ni ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, yule anayesaini I-20, hati ya chuo inayobeba viza yako ya mwanafunzi. Si rafiki, si kaka aliyekutangulia miaka kumi, si mtu wa kundi la WhatsApp.

Muhula wa kawaida lazima uwe na mzigo kamili, ambao kwa shahada ya kwanza ni kredi 12. Kanuni zinaruhusu kusoma vyuo viwili kwa pamoja, vyote vikiwa vimeidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni, mradi jumla ifike mzigo kamili, na chuo kitakachokupa shahada ndicho kiendelee kushika I-20 yako. Kwa hiyo kredi 9 chuo kikuu na 4 koleji inawezekana, ikiwa ofisa amekubali na kuweka kumbukumbu. Ukifanya kimyakimya, kompyuta ya chuo kikuu itaona kredi 9 tu, na kwa upande wa uhamiaji umeshashuka chini ya mzigo.

Kiangazi ni rahisi zaidi. Kama kiangazi ni likizo yako ya mwaka na umekusudia kurudi muhula unaofuata, hulazimiki kuwa na mzigo kamili, na unaweza kusoma kozi moja tu koleji. Bado mjulishe ofisa.

Kozi za mtandaoni zina kikomo: katika kila muhula, kozi moja tu au kredi 3 za mtandaoni ndizo zinazohesabiwa kwenye mzigo kamili.

Jambo lingine linalowaponza watu ni kujitoa. Unaona kozi inakushinda wiki ya tisa, unajitoa ili upate W, alama ya aliyejitoa, badala ya F, na hapohapo unabaki na kredi 9. W haigusi GPA, lakini inaweza kugusa hadhi yako ya uhamiaji. Kuna ruhusa ya kupunguza mzigo kwa sababu za kitaaluma, mfano ugumu wa lugha mwanzoni, kutozoea namna ya ufundishaji wa Marekani, au kupangiwa kozi isiyo ya kiwango chako. Hutolewa mara moja kwa ngazi ya masomo, unabaki na angalau kredi 6, na lazima ikubaliwe kabla hujajitoa. Ukijitoa leo na kuomba ruhusa kesho, umechelewa.

Ada ikoje?

Inategemea unahesabiwa mkazi wa wapi. California, mkazi wa jimbo hulipa koleji dola 46 kwa uniti, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 2012. Kozi ya uniti 4 ni dola 184, ukiacha vitabu na ada ndogondogo. Asiye mkazi hulipa mara kadhaa ya hiyo. Texas wana ngazi tatu: anayeishi ndani ya wilaya ya koleji, anayeishi nje ya wilaya ila ndani ya jimbo, na anayetoka nje ya jimbo. Kwa kawaida mwenye F-1 huwekwa kwenye kundi la bei ya juu. Hata hivyo bei hiyo mara nyingi bado iko chini ya ada ya chuo kikuu kwa kozi hiyohiyo. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuamua, usidhani.

Usiandike anwani ya shangazi ili uonekane mkazi wa wilaya. Ni tamko la uongo kwa taasisi ya serikali, na kwa mgeni mwenye viza akiba ya dola mia tatu haifai hatari hiyo.

Aliyeko Texas ajue pia kwamba vyuo vya umma vinaweza kutoza ada kubwa zaidi ukisajili kozi ileile kwa mara ya tatu.

Fedha za serikali zitalipa?

Mwenye F-1 hastahili fedha za serikali kuu. Raia na mwenye grini kadi anaweza kuzipata kupitia FAFSA, fomu ya kuomba fedha hizo, lakini huwezi kuzipokea kwa vyuo viwili katika muhula mmoja. Ukiwa mwanafunzi wa chuo kikuu unayechukua kozi moja koleji, koleji haitakupa kitu kwa sababu husomei shahada kwao. Njia iliyopo ni vyuo hivyo viwili kuandikishana makubaliano ya pamoja, ili chuo kikuu kihesabu kredi za koleji kwenye mzigo wako na kulipa. Ofisi ya fedha ya chuo kikuu ndiyo inayoanzisha, na huchukua wiki kadhaa. Kwa kozi moja ya kiangazi wengi huona heri kulipa mfukoni.

Angalia pia kipimo cha maendeleo. Ili uendelee kupata fedha, vyuo vingi hutaka uwe umefaulu angalau asilimia 67 ya kredi ulizojaribu, GPA isishuke chini ya 2.0 kufikia mwisho wa mwaka wa pili, na usipitilize asilimia 150 ya kredi za shahada. F inahesabika kuwa umejaribu na hukufaulu. Kredi iliyohamishwa kutoka koleji inaingia pande zote mbili, ulizojaribu na ulizofaulu, kwa hiyo inasaidia asilimia, ila haisaidii GPA. Ukipata barua ya kusimamishiwa fedha, unayo haki ya kukata rufaa. Andika kilichotokea, ambatanisha ushahidi, eleza kimebadilika nini. Barua ya aya tatu za ukweli inatosha.

Kiangazi au muhula wa kawaida?

Kozi ya kredi 3 ina saa 45 hivi za darasani. Vyuo hutarajia usome nje ya darasa mara mbili ya hizo, saa 90. Jumla ni saa 135. Kwa wiki 15 ni saa 9 kwa wiki. Ukiibana kwenye wiki 6 za kiangazi ni zaidi ya saa 22 kwa wiki, kwa kozi moja, tena kozi iliyokwisha kukushinda mara moja. Anayefanya kazi saa 40 ghalani au kwenye nyumba ya wazee asijidanganye kwamba ataisoma usiku. Tafuta kipindi cha wiki 8 au 10, au punguza zamu. Ukikosa kozi wiki moja ya kiangazi ni kama umekosa wiki mbili na nusu.

Kwa kalkulasi na kemia, kama ratiba inaruhusu, muhula wa kawaida ni bora. Kwa kozi ya insha au historia, kiangazi kinatosha.

Koleji ni rahisi zaidi?

Mada ni zilezile. Kinachobadilika ni msaada unaokuzunguka, na msaada huo haukufuati nyumbani, lazima uuendee. Koleji nyingi zina kituo cha mafunzo ya ziada bila malipo, ambapo unaingia na swali lako la hesabu na kukaa na mtu mpaka lieleweke. Waalimu wana saa za ofisi. Vijana wetu wengi hawaendi, kwa kuwa tulikotoka kugonga mlango wa mwalimu kulimaanisha umekosea jambo. Hapa kunamaanisha unajali. Mwalimu anayekufahamu kwa jina ndiye atakayekuandikia barua ya mapendekezo siku moja.

Kabla hujalipa ada, kaa chini uandike kwa nini ulifeli. Kama ni msingi wa aljebra uliokuwa na mapengo, anza na kozi ya chini ya hiyo. Kama ni zamu za usiku, kurudia kozi ukiwa na zamu zilezile kutaleta alama ileile. Kama ni huzuni au upweke, nenda kituo cha ushauri nasaha cha chuo. Vyuo vikuu vingi havitozi, na hawaandiki chochote kwenye transkripti.

Nasomea udaktari au sheria. Nifanye nini?

Hapa msamaha wa chuo kikuu chako hausaidii sana. AMCAS, mfumo wa maombi ya shule nyingi za udaktari, huhesabu upya GPA yako kwa kutumia kila alama kutoka kila chuo ulichowahi kusoma: F ya chuo kikuu imo, B ya koleji imo. Shule za udaktari wa osteopathia zilikuwa zikihesabu jaribio la mwisho tu, lakini utaratibu huo uliisha mwaka 2017. LSAC, mfumo wa maombi ya shule za sheria, nayo huhesabu F hata kama chuo chako kimeisamehe.

Upande mzuri ni kwamba alama ya koleji, ambayo chuo kikuu hakiihesabu, huko inahesabika. Ila baadhi ya shule za udaktari hupenda kuona sayansi ngumu zimesomwa chuo cha miaka minne. Ukirudia kemia koleji, basi kemia ya juu isome chuo kikuu na uipate vizuri.

Naweza kuhamia chuo kingine bila kutaja kile nilichofeli?

Hapana. Fomu za maombi hutaka transkripti ya kila chuo ulichosoma, na unasaini kwamba umesema kweli. Vyuo vina njia ya kuhakiki usajili wako kupitia National Student Clearinghouse, taasisi inayokusanya rekodi za usajili wa wanafunzi. Aliyeficha akigundulika anaweza kufutiwa udahili, hata baada ya kuanza masomo. F iliyoelezwa vizuri haimzuii mtu, uongo unamzuia.

Mimi ni mzazi. Mwanangu haniambii alama zake, na chuo kinakataa kunipa. Kwa nini?

Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974, inayojulikana kwa kifupi FERPA, inampa mwanafunzi aliyeko chuo haki juu ya kumbukumbu zake za masomo. Hata kama wewe ndiye unayelipa ada, kwa kawaida chuo kitataka idhini ya mtoto kwa maandishi. Hawakudharau, wanafuata sheria.

Mama, baba, nawaomba jambo moja. Mtoto anayeficha F mara nyingi anaficha kwa sababu anajua mmeuza nini na mmefanya zamu ngapi ili afike pale. Akija kusema, msianze na "tumekupeleka kusoma wewe unachezea". Mwulizeni chuo kimesema nini, GPA ni ngapi, tarehe ya mwisho ya kujisajili ni lini. Wanaoficha kwa muda mrefu ndio wanaopitwa na tarehe za rufaa, na hapo kozi moja inageuka kuwa kufukuzwa.

Nimeshadisko. Koleji bado ni njia?

Ndiyo, na kwa aliyeondolewa chuo kikuu ndiyo njia ya kawaida. Vyuo vikuu vingi huruhusu kuomba kurudi baada ya muhula mmoja au zaidi, na huangalia ulifanya nini ukiwa nje. Mihula miwili ya koleji yenye alama za B na A ni ushahidi ambao barua ya maombi peke yake haiwezi kuutoa. Wengine humalizia shahada ya miaka miwili hukohuko, kisha huomba chuo kikuu kingine kabisa.

Mwenye F-1 aliyepata barua ya kuondolewa asingoje hata wiki. Mwone ofisa wa wanafunzi wa kigeni uombe rekodi yako ya uhamiaji ihamishiwe koleji inayoweza kutoa I-20 kabla haijafungwa. Rekodi ikishafungwa, kuirudisha ni maombi marefu yasiyo na uhakika, na hapo tafuta wakili wa uhamiaji.

Nimemaliza na nimefaulu. Kredi inahamia yenyewe?

Haihami yenyewe. Ingia kwenye tovuti ya koleji uagize transkripti rasmi itumwe moja kwa moja kwa ofisi ya msajili ya chuo kikuu. Kabla ya kubonyeza, hakikisha umechagua itumwe baada ya alama za muhula huu kuingia; wengi hutuma mapema na chuo kikuu kinapokea karatasi isiyo na kozi waliyoisoma.

Subiri wiki mbili au tatu, kisha fungua ukurasa unaoonyesha maendeleo yako ya shahada. Angalia kama kozi imekaa kwenye nafasi ya ile uliyofeli. Ikiwa imewekwa chini kama kredi za hiari, peleka silabasi na ile barua pepe ya idhini kwa idara husika uombe ipitiwe upya. Halafu jaribu kusajili kozi inayofuata. Mfumo ukikugomea kwa madai kwamba hujatimiza sharti, mwandikie mshauri siku hiyohiyo akufungulie, maana nafasi za kozi hizo hujaa kabla muhula haujaanza.